Mamba Kuukuu na Swali la Ufufuo

Fundi wa baiskeli kule Langas akiletewa chuma kilicholiwa na kutu, hashughuliki kwanza na tairi wala breki. Huigeuza baiskeli miguu juu, akasugua kwa kidole gumba chini ya siti au penye ekseli ya pedali, akitafuta namba iliyogongwa kiwandani. Namba ikiwapo, na fremu ikiwa haijapinda, kazi inawezekana. Mengine yote ni vipuri.

Mengine yote! Yaani magurudumu, cheni, usukani, siti, breki, pedali, madigadi, karia na stendi. Ukiviondoa hivyo, kinachobaki ni mabomba machache ya chuma ambayo hakuna mtoto angeyaita baiskeli. Lakini kwa fundi hiyo ndiyo baiskeli yenyewe, na aliyeileta huitikia kwa kichwa kana kwamba jambo hilo halihitaji hoja. Linahitaji. Limewasumbua Wagiriki, watawa wa Kibudha, maaskofu wa Afrika Kaskazini na wanazuoni wa Baghdad, na bado halijakwisha: kitu kikibadilishwa kipande kwa kipande mpaka kisibaki cha zamani, je, ni kilekile? Na mtu aliyeoza kaburini, atakayefufuliwa atakuwa ni yeye, au ni mwingine aliyefanana naye?

Langas iko kilomita chache kusini mwa katikati ya Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Ni mtaa wa ploti ndogo na wapangaji wengi, mabati hapa, ghorofa pale, na ndani yake wamo Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Wakisii na Waturkana. Kuna hata sehemu iitwayo Kisumu Ndogo. Kabla ya pikipiki kutawala, abiria wa mitaa kama hii walibebwa kwenye karia ya baiskeli iliyotandikwa sponji, kwa biashara iliyoanzia mpakani Busia na kuenea Kenya magharibi na Uganda. Kisha, karibu na mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, injini zilishuka bei na baiskeli za abiria zikaegemezwa nyuma ya nyumba. Baadhi zimebaki huko hadi leo, zikingoja mwenye nia.

Nyingi ni za aina iliyobatizwa Black Mamba: fremu nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki zinazovutwa kwa vyuma virefu badala ya waya, uzito wa kilo 20 hivi. Umbo hilo halijaachana sana na baiskeli ya Rover aliyoitoa Mwingereza John Kemp Starley mwaka 1885. Raleigh ya Nottingham ililisambaza katika makoloni. Wahindi wakalichukua, Hero kule Ludhiana tangu 1956, na Atlas kule Sonipat. Wachina wakaleta Phoenix ya Shanghai. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002. Atlas nayo ilisimamisha kazi katika kiwanda chake cha Sahibabad, karibu na Delhi, tarehe 3 Juni 2020, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Historia nayo ina masihara yake.

Tuseme basi mwalimu mstaafu ananunua Mamba ya namna hiyo kwa jirani aliyekuwa akiitumia kuanikia nguo. Hatafuti usafiri, boda ipo langoni. Wala habani matumizi, kwa maana mwenye hesabu atamwonyesha kwamba vipuri pamoja na ufundi huweza kuzidi bei ya baiskeli ya mtumba inayotembea. Anaitaka hiyo hiyo, na hakuna hesabu ya fedha inayoeleza kwa nini.

Kazi huanza kwa kubomoa. Nati zilizoganda hulowekwa mafuta usiku kucha. Pini zinazoshika mikono ya pedali, ambazo huingizwa kwa kugongwa, ndizo huleta matusi: ukizipiga vibaya hupinda, na ikibidi hutobolewa kwa keekee. Gololi huoshwa kwa petroli, zilizochubuka zikatupwa. Kutu hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa. Gurudumu la mbele kwa desturi lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa kuwa nyuma ndiko uzito uliko. Katika hizo 72, zilizokatika hubadilishwa, na mara nyingi fundi hushauri zibadilishwe zote kwa kuwa spoki mpya na kuukuu hazivuti sawa. Rimu iliyoliwa na breki nayo huenda zake. Baiskeli ikibahatika kuwa na gia za ndani za Sturmey-Archer, kitovu cha gurudumu la nyuma huwa kimegongwa mwaka na mwezi kilipotengenezwa, kama cheti cha kuzaliwa. Ila ni cheti cha kitovu tu. Fremu iliyokibeba inaweza kuwa ya miaka kumi kabla au ishirini baada ya hapo.

Kinachowezesha haya yote ni kwamba vipimo vilikubaliwa zamani. Kutoka pini hadi pini, cheni ya baiskeli ina nusu inchi, iwe imetoka Nottingham, Ludhiana au Shanghai, na kwa hiyo cheni iliyokusudiwa Phoenix hukaa kwenye Raleigh bila ubishi. Mamba moja ya Langas inaweza kuwa na fremu ya Mwingereza, uma wa mbele wa Mhindi, rimu za Mchina na karia iliyochomelewa na kijana wa jua kali pale pale barabarani. Fundi mwenye mzaha anaweza kumwambia mteja wake, "Mwalimu, hii yako imeoa kila kabila."

Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakaifanya mfano wa ubishi wao: wengine wakasema ni ileile, wengine wakakataa. Nahodha yeyote wa Lamu analijua jambo hilo bila kusoma Kigiriki, kwani jahazi lisilobadilishwa mbao halivuki misimu mingi. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alikoroga zaidi. Je, aliuliza, kama mtu angeziokota mbao zote zilizotolewa, akaziunga tena kwa mpangilio wake wa awali? Zingekuwapo merikebu mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo ya Theseus.

Wanafunzi wa falsafa hupewa swali hilo kama kitendawili cha darasani. Kule Langas ni jambo la kawaida kabisa. Hakuna kipuri kinachotupwa ovyo: spoki zilizo nzima, mkono wa pedali, siti iliyopasuka, vyote huingia katika mkebe wa fundi na kutokea kwenye baiskeli ya mteja mwingine. Ikipatikana fremu ya pili iliyokosa mwenyewe, Mamba nyingine husimama kwa mabaki ya ile ya mwalimu. Ukimwuliza fundi ipi ni ya mwalimu, atakuonyesha yenye namba. Lakini kwa nini namba ishinde, ilhali mabaki yale ndiyo yaliyobeba abiria, ndiyo yaliyopanda vilima na kunyeshewa mvua ya Uasin Gishu miaka yote? Siti ilimjua mwendeshaji kuliko fremu.

Wabudha wana jibu la kukata mzizi. Katika mazungumzo mashuhuri ya mtawa Nagasena na Milinda, mfalme Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, mtawa anataka kujua kama gari la mfalme ni ekseli yake, au magurudumu, au fremu. Mfalme anakana kimoja baada ya kingine. Basi, asema mtawa, gari ni jina tu tunaloupa mkusanyiko, na mtu naye vivyo hivyo. Ni jibu safi, na limepatikana kwa njia ya fundi: kufungua nati moja moja. Kasoro yake huonekana matangani. Anayelia hapo hamlilii mkusanyiko, na mtawa akimweleza hivyo, hoja itakuwa imeshinda na msiba umebaki palepale.

Dini zinazoongoza Langas, Ukristo na Uislamu, zimekataa njia hiyo. Zinafundisha kwamba aliyekufa atarudi, na atarudi yeye. Hapo wanateolojia wao walilazimika kuingia gereji.

Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alitumia sehemu ya kitabu cha mwisho cha kazi yake kubwa, iliyoandikwa kati ya 413 na 426, kujibu wenye kudhihaki ufufuo. Swali lao gumu kuliko yote lilikuwa la mtu aliyeliwa na mtu mwingine wakati wa njaa. Nyama ile imekuwa mwili wa mlaji. Siku ya mwisho itakuwa ya nani? Augustino hakusita: itarudi kwa yule aliyekuwa nayo kwanza, kwa kuwa mlaji alikopa tu. Ni hukumu ya haki, lakini hebu ipelekwe kwa fundi. Uma wa mbele ungedaiwa na Hero yake, rimu zingedaiwa na Phoenix yao, na asubuhi hiyo Langas nzima ingekuwa barabarani ikirudishiana nati.

Pengine ndiyo sababu Augustino mwenyewe, mahali pengine, alilegeza uzi. Sanamu ikiyeyushwa na kusubuliwa upya, alisema, haina haja kila chembe irudi kwenye kiungo chake cha kwanza, mradi yote iliyofanya sanamu iwemo. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas akasogea mbali zaidi. Hata tukiwa hai, miili yetu inaingiza na kutoa, mfano wa moto unaobaki uleule huku kuni zikiteketea na nyingine zikiongezwa. Kwa hiyo mfufuliwa hahitaji kurudishiwa kila alichowahi kula.

Kwa upande wa Uislamu, sura ya Ya-Sin inamjibu yule aliyeuliza kwa kejeli ni nani atakayeihuisha mifupa iliyosagika: ni yule aliyeiumba mara ya kwanza. Na katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume anafundisha kwamba mwanadamu huoza wote isipokuwa kifandugu, na kutokana na mfupa huo ataungwa upya. Anayelikumbuka fundisho hilo mbele ya Mamba iliyogeuzwa miguu juu hawezi kujizuia kutabasamu. Fundi naye anatafuta mfupa mmoja usiooza.

Lakini Al-Ghazali, aliyeandika mjini Baghdad mwaka 1095 kuwapinga wanafalsafa waliokana ufufuo wa mwili, hakutaka kuutegemeza ufufuo wote juu ya mata ileile. Mtoto anakuwa mzee, ananenepa, anakonda, chakula kinabadilisha kila kitu ndani yake, naye ni yuleyule kwa sababu nafsi yake haijabadilika. Mungu anaweza kuirudisha nafsi hiyo kwenye mwili wowote, wa udongo wake wa zamani au mwingine. Kwa Al-Ghazali, hata fremu ni kipuri.

Sasa, baiskeli haina nafsi. Hapo ndipo mfano unapoonekana kukwama, na hapo ndipo unapoanza kufundisha kitu. Kama mwalimu ana haki ya kusema "hii ndiyo ile", na karibu kila mtu wa Langas atakubali kwamba anayo, lazima kuwe na kinachokaa mahali pa nafsi. Ni nini?

David Hume, Mskoti asiyekuwa rafiki wa makanisa, alikipata mwaka 1739 kwa kutazama kanisa. Tuseme, aliandika, kanisa la parokia lilikuwa la matofali, likaanguka, na waumini wakajenga jipya la mawe kwa mtindo mwingine. Mata si ile, umbo si lile, na bado watu husema ni kanisa lilelile. Kilichobaki ni uhusiano wake na watu wa parokia. Aliyekulia Kenya ameona zaidi ya hayo: ukuta wa mawe unapanda taratibu kulizunguka kanisa la mabati, ibada zikiendelea ndani mwaka baada ya mwaka wa harambee, mpaka siku moja mabati yanatolewa kupitia mlangoni na waumini hawajahama hata benchi. Hakuna anayeuliza kanisa la zamani lilikufa lini.

Al-Kaaba yenyewe imejengwa upya zaidi ya mara moja. Makuraishi waliijenga kabla ya utume, na Muhammad ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake. Ikabomolewa na kujengwa tena katika karne ya 7. Na mafuriko yalipoiangusha, ikasimamishwa upya mwaka 1630 enzi ya Sultani Murad wa Nne. Mwaka 930 wafuasi wa dhehebu la Makaramita walilipora Jiwe na kukaa nalo zaidi ya miaka ishirini. Waislamu hawakubadili kibla. Bila shaka muumini atasema ni mahali pamoja na amri ya Mungu vinavyoifanya Al-Kaaba, si maoni ya watu, naye ana haki kusema hivyo. Ila hata yeye hatasema ni mawe.

Wala haina haja kwenda Makka. Wanandi, ambao ardhi yao inaanza mwendo mfupi kusini mwa Langas, wana marika saba yanayozunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kila rika hupokea vijana kwa takriban miaka 15, kisha zamu huhamia lifuatalo, na baada ya karne moja na kitu jina la kwanza hurudi. Wa Sawe wa kale wote wamekufa, Sawe ipo. Waathene walibishana juu ya chombo kilichotiwa bandarini, ilhali hapa kuna watu waliojipanga wenyewe kuwa merikebu ya namna hiyo, wakibadilisha mbao zote kwa ratiba, kwa vizazi vingi, na hawakuhitaji mwanafalsafa kuwaambia kama ni ileile. Jambo la majina ya watoto nalo linasimama hapo hapo. Kwa desturi ya Wakalenjin, majina ya wazee waliotangulia yalitajwa moja moja mbele ya kichanga hadi apige chafya, na chafya hiyo ikapokewa kuwa ni kuitikia. Wakikuyu, majirani zao wa Langas, humpa mzaliwa wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Babu hajapotea wote. Lakini, na hili ni muhimu, kichanga hakijiiti chenyewe. Lazima wawepo wanaotaja majina.

Ndilo linalokaa mahali pa nafsi kwenye Mamba ya mwalimu: watu wanaoweza kuieleza. Jirani anasema ilikuwa ya marehemu fulani, aliyebeba nayo abiria kabla ya pikipiki. Mwingine anakumbuka ilivyopata lile bonde kwenye bomba la juu. Namba ya fremu haina uchawi. Inashinda kwa sababu ndiyo alama inayodumu kuliko nyingine na ambayo mashahidi wanaweza kuirejea. Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekwenda vijijini kuwahoji wazee na kuwashikia hoja zao mpaka wazitetee, angepata kazi kwenye vibanda hivi. Asidhaniwe kila fundi ni mwenye hekima. Wengine ni walaghai wa kawaida, wanaokurudishia gololi zako mwenyewe zikiwa zimepakwa grisi mpya.

Na walaghai ndio wanaoleta pingamizi zito. Mwizi wa baiskeli ni mwanafalsafa kamili. Akishaiba, anafanya yaleyale anayoyafanya mwalimu: anabomoa, anabadilisha magurudumu, anapaka rangi, na mwisho anaisaga namba kwa tupa. Anajua kwamba utambulisho umo katika kutambuliwa, kwa hiyo anaua kutambuliwa. Kama mashahidi ndio kila kitu, basi kazi yake ikikamilika baiskeli imekuwa yake kwa haki, kwa sababu hakuna tena wa kuieleza. Hakuna mtu Langas atakayekubali hilo, hata mwizi mwenyewe akiibiwa. Sote tunashikilia kwamba bado ni ya aliyeibiwa, ijapokuwa hapana duniani awezaye kuithibitisha.

Serikali hujaribu kuziba pengo hilo kwa daftari. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kukaa gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo yote, ikafunguliwa tena Mei chini ya masharti mapya. Mamba iliyofika kwa wa skrapu na kuingia tanuri inatoka nondo, na nondo haina wa kuitolea ushahidi. Sanamu ya Augustino hapo haisubuliwi upya; inakuwa nguzo ya ghorofa ya mtu.

Kwa hiyo pana ukweli kuhusu baiskeli ambao hautegemei kwamba yupo anayeujua leo. Asiyeamini anaweza kuishia hapo na kusema ni ukweli wa yaliyotukia tu, uliopo hata usipojulikana. Anayeamini anakwenda hatua moja mbele: yupo Shahidi ambaye namba yake haisagwi kwa tupa. Makala hii haiwezi kuthibitisha hatua hiyo. Inaweza tu kusema kwamba haki tunayomdhania aliyeibiwa ina sura ileile na ufufuo wanaouhubiri Paulo na Al-Ghazali, na kwamba mtu anayekubali moja kwa wepesi asicheke nyingine haraka.

Kuna uamuzi mmoja ambao fundi hawezi kumfanyia mwalimu, nao ni wa rangi. Wengi hutaka Mamba ing'ae: nyeusi mpya, mistari ya dhahabu, bonde lile lijazwe lisionekane. Wengine husafisha kutu, wakapaka mafuta na kuyaacha makovu. Kwa Mkristo jambo hili lina kielelezo chake. Katika Injili ya Yohana, Tomaso anataka kuona alama za misumari, na mwili uliofufuka unazo, hazikufutwa kaburini. Ni maelezo ya ajabu ukiyatafakari, kwa kuwa mwili unaopita milango iliyofungwa ungeweza kuyafunga hata majeraha yake. Makovu yalibaki kwa ajili ya mashahidi.

Langas yenyewe inalijua hilo kwa uchungu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu ziliua watu 1,133 nchini kote, zilipita mtaani humu. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret ukajaa mahema ya waliofukuzwa, na Mei 2008 serikali ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani. Aliyerudi akajenga upya kwenye ploti yake, kwa mabati mapya na majirani walewale, hahitaji Hobbes wala Plutarch kumtungia swali. Apake rangi au aache alama? Mwandishi huyu angeacha bonde kwenye baiskeli. Kuhusu ukuta wa mtu aliyeunguziwa nyumba, asiyeunguziwa anyamaze.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kikamba aliyefariki mwaka 2019, aliandika nusu karne kabla ya hapo kwamba marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina lake. Shahidi wa mwisho akifa, naye hutoweka katika zamani isiyo na majina. Kwa kipimo hicho Mamba ya mwalimu ina muda wake uliopangwa. Lakini Mbiti huyohuyo alikuwa kasisi wa Kianglikana, aliyetafiti Cambridge juu ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na fikra za Wakamba, na uzeeni akalitafsiri Agano hilo kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Hakukubali kuachilia mkono mmoja ili aushike mwingine.

Linabaki swali ambalo hata wakubwa hawakukubaliana: ahadi ya kufanywa upya inawahusu wanadamu peke yao, au na vitu pia? Katika mafundisho ya Thomas Aquinas wanyama, mimea na madini havimo katika ulimwengu uliofanywa upya, kwa kuwa asili yake ni kuharibika. Chuma basi hakina nafasi huko, kiwe cha Nottingham au cha Ludhiana. Paulo, akiwaandikia Warumi, alisema uumbaji wote unaugua ukingoja kuwekwa huru na uharibifu, na kutu bila shaka ni uharibifu. Mwalimu, kama ni mtu wa kanisa, anaweza kuegemea upande wa Paulo bila kuwekwa kikao na wazee. Fundi anataka tu kujua kama salio la spoki linatumwa leo kwa M-Pesa.